Sanduku Letu na Dirisha la Dawa

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi

Ndugu Mgeni Rasmi. Ndugu Mtendaji wa Kata. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Serikali ya Kijiji. Ndugu Mganga wa zahanati yetu. Masheikh na wachungaji. Waume zetu mliokubali leo kukaa viti vya nyuma. Akina mama wenzetu wanachama. Wageni wote waalikwa:



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunawakumbuka pia wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki kabla hawajaiona sherehe hii. Tunaomba tusimame dakika moja.

(Wote walisimama.)

Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala ya kikundi imeshasomwa na Katibu, nayo imeeleza yote kwa ufasaha, hatuna haja ya kurudia. Ila kwa faida ya wageni tuseme tu kwamba tulianza mwezi wa Machi mwaka 2015, chini ya mwembe ule pale, akina mama 25. Tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo wanashika akina mama watatu wa vitongoji tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila Alhamisi tunanunua hisa, na kila mwanachama anaweka Sh. 500/= pembeni kwenye mfuko wa jamii.

Najua wengi mlitegemea Mwenyekiti asimame aeleze mafanikio. Mafanikio yapo. Kuna nyumba za bati, kuna mashine ya kusaga, kuna watoto waliomaliza sekondari kwa fedha za sanduku hili. Yote yamo humu kijitabuni, mtasoma nyumbani kwa nafasi. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumze habari za ugonjwa, maana bila kuzizungumza tutakuwa tumewaficha nusu ya historia ya kikundi.

Tulipoanza, mfuko wa jamii ulikuwa wa misiba na uzazi. Sanda, sukari ya matanga, kanga ya mzazi, basi. Hata kwenye katiba yetu tuliandika hivyo. Hospitali hatukuiandika kabisa. Sisi tuliozaliwa miaka ya mwanzo ya 1970 tulikua tunajua hospitali ni kitu cha Serikali, kama barabara. Tulipokuwa watoto tulitumwa zahanati tukiwa na chupa tupu tuliyooshwa vizuri na bibi, na tukarudi na dawa ya kikohozi ndani yake. Hakuna aliyetuuliza hela. Dawa ilikuwa chungu lakini ilikuwepo.

Sasa tuwaeleze tulivyoamka usingizini, na hapa tutasema jambo ambalo kikundi hakina raha nalo.

Mwaka 2019 tulikuwa na mwenzetu mmoja fundi cherehani. Alikuwa mwanachama wa tangu mwanzo, mtu wa maneno machache, hisa zake hazijawahi kupungua. Akaomba mkopo wa Sh. 600,000/=. Kwenye fomu akaandika "kununua vitambaa vya sare za shule". Ilikuwa kuelekea Januari, tukaona ni jambo la akili, tukampa. Miezi miwili akarejesha vizuri. Mwezi wa tatu akaleta nusu. Wa nne hakuja, akatuma mtoto. Tukampiga faini. Wa tano hakutuma hata mtoto.

Katiba yetu inasema mwanachama akishindwa, wadhamini watalipa, na wadhamini wakishindwa, mali iliyoandikwa kwenye fomu itachukuliwa. Mali iliyoandikwa ilikuwa cherehani. Wadhamini walikuwa akina mama wenye shida kama yeye. Basi siku ya Alhamisi jioni tukaenda akina mama wanne na kijana wa mkokoteni.

Tulimkuta mume wake amelala chumbani, mguu umefungwa, umewekewa mto. Alikuwa amegongwa na pikipiki akiwa kwenye baiskeli, mfupa wa paja ukavunjika. Tulijua ameumia, tulikuwa tumeshachanga hata pole. Lakini ya pole tulidhani yameishia kwenye pole. Tulimsalimia mgonjwa, tukamwombea dua, halafu tukabeba cherehani. Jamani, tulibeba. Mwenzetu hakugomba. Alitoa kitambaa cha mteja kilichokuwa kwenye sindano, akakikunja. Kisha akatupa na kikopo cha mafuta ya mashine, akasema isikae bila mafuta, itakwama.

Tuliiuza cherehani, deni likafutika, mahesabu ya mwaka ule yakanyooka. Mgao wa Desemba kila mtu alichukua chake. Yeye hakurudi kikundini.

Miezi mingi baadaye ndipo tulipojua kwamba hakukuwa na kitambaa chochote. Hospitalini waliambiwa vyuma vya kufungia mfupa ununue wewe mwenyewe mwenye mgonjwa, na vipimo, na dawa, na kitanda kinahesabiwa kila siku. Zile laki sita zote zilikwenda kwenye paja la mume wake. Tulimwuliza kwa nini hukusema? Akajibu: katiba inasema mkopo ni wa biashara, ningeandika hospitali mngeninyima. Alikuwa sahihi. Tungemnyima. Mtu hawezi kurejesha mkopo kwa mguu wa mumewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya hapo Katibu wetu alitoa wazo, nasi tunampongeza mbele yenu. Alisema kila mwanachama aje kwake mmoja mmoja, peke yake, amwambie kweli mikopo yote aliyochukua ilikwenda wapi. Hakuna faini, hakuna kuandikwa jina. Kazi hiyo ilichukua mwezi mzima. Matokeo yake yalitufunga midomo. Mikopo iliyoandikwa biashara ya samaki, mtaji wa vitumbua, ada ya mtoto, zaidi ya nusu ilikuwa imepita dirisha la dawa. Mwingine alinunua damu kwa mlango wa uani. Mwingine alilipa gari la kumkimbiza binti aliyepata kifafa cha mimba. Mwingine alikomboa maiti ya baba yake chumba cha maiti, na fomu yake inasema "kuku wa mayai".

Kwa hiyo madaftari yetu yalikuwa safi kabisa, na yalikuwa yanadanganya. Tukajiuliza, kikundi cha akina mama wa hisa kimegeuka lini kuwa wizara? Na nani alitukabidhi kazi hiyo?

Tulianza kuulizana, tukawauliza watu waliotuzidi elimu, tukasoma kile tunachoweza kusoma. Sisi ni watu wa darasa la saba, kwa hiyo tutaeleza kidarasa la saba.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilichukua mzigo wa matibabu, ikajenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1977 ikapiga marufuku hata hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Fedha hazikuwa nyingi, tusiseme uongo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula, mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Wazee hapa wanakumbuka zahanati zilivyobaki na mganga na meza tu. Kuanzia miaka ya 1980 dawa za vijijini zilikuja kwenye makasha ya kila mwezi kwa msaada wa Denmark. Yaani hata wakati tukijisifu tunatibiwa bure, kuna mtu mbali alikuwa ameshika ufunguo mmoja wa sanduku letu.

Mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hapo ndipo lilipoingia neno la kubana matumizi. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 likaja neno jingine, uchangiaji. Ilianza kwenye hospitali kubwa, ikashuka mikoani na wilayani, na miaka ya 2000 ikafika hadi zahanati. Neno lenyewe lilikuwa zuri, sisi wanawake tunalipenda neno kuchangia, maisha yetu yote ni kuchangia. Lakini mchango wa harusi hautolewi na mwenye homa akiwa amepanga foleni. Na mchango kawaida mtu hutoa kadiri ya uwezo wake, huku bei imebandikwa ukutani na ni moja kwa mwenye gari na mwenye kandambili.

Hapa tunaomba tuseme kwa uangalifu, kwa sababu wapo viongozi na hatukuja kugombana. Watu wengi wanadhani kupunguza bajeti ya afya ni waziri asimame Bungeni aseme tumepunguza. Haiwi hivyo. Kila mwezi wa Juni tunasikiliza bajeti redioni, tunasikiliza bia, sigara na petroli, halafu tunafunga redio. Fedha za afya hutajwa, na pengine zimeongezeka kwa tarakimu. Lakini kuna fedha zilizopitishwa na kuna fedha zilizotolewa, nazo ni mbili tofauti kama ahadi ya mahari na mahari. Watu wameongezeka, bei ya dawa imepanda, shilingi imeshuka. Kama fungu limebaki pale pale, limepungua. Mwezi wa Aprili mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, kule Nigeria, wakaahidi kuweka angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwenye afya. Nchi nyingi zimekaa chini ya hapo kwa miaka mingi.

Mwaka 2014 Bohari ya Dawa ilikuwa inaidai Serikali mabilioni ya shilingi, na dawa zikapungua nchi nzima. Huku kwetu hakuna aliyetangaza kitu. Sisi tuliona tu karatasi: "Hakuna, kanunue." Karatasi ile ndogo ndiyo bajeti yenyewe ikishafika kijijini. Gharama haikufutwa. Ilitoka kwenye hesabu za Serikali ikaingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, ikiwa imeandikwa "vitambaa vya sare".

Kisha mwaka 2025 tukaona la pili. Mwezi wa Januari Rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai shirika lao la misaada likafungwa. Kwa miaka zaidi ya 20 Wamarekani walikuwa wakitoa sehemu kubwa ya fedha za dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na mishahara ya vijana wanaowahudumia wagonjwa. Sisi hatumtaji mtu, na katika kikundi hiki hatuulizani. Lakini wapo wenzetu wanaomeza dawa kila siku, wanalima, wanalea, wananunua hisa. Wiki ile walikuja kikundini wakiwa wamenyamaza. Kuna waliokwenda kliniki wakamkosa yule binti waliyemzoea, anayewajua kwa sura, anayewapigia simu wakichelewa. Mradi wake ulikuwa umesimama. Mmoja alituuliza kama mfuko wa jamii unaweza kununua dawa hizo zikiisha. Tukamwambia tutaona. Tulimdanganya, kwa sababu mfuko ule kwa wiki nzima ulikuwa haufiki hata Sh. 15,000/=.

Hatuwalaumu Wamarekani kwa kufunga mfuko wao. Mfuko ni wao. Tunachouliza ni kwa nini uhai wa mama wa hapa ulikuwa umewekwa kwenye mfuko wa watu ambao hawajui hata hapa ni wapi.

Tuseme neno kuhusu wahudumu wetu, kwa sababu Mganga yupo na tunamwona ameinamisha kichwa. Ndugu Mganga, inua kichwa. Hukukata bajeti wewe. Zahanati hii tunaijua, muuguzi mmoja anapima, anachoma sindano, anazalisha, anaandika vitabu, na asubuhi amefagia mwenyewe. Akina mama wengine wakikosa dawa wanamtukana yeye, na wanachama wa kikundi hiki wamo. Tulishawaonya na leo tunarudia hadharani. Ukimtukana muuguzi, dawa haiji, na muuguzi anaomba uhamisho.

Lakini upo upande mwingine, nao lazima tuuseme. Serikali imeweka misamaha. Wajawazito wasilipe, watoto chini ya miaka 5 wasilipe, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wasilipe, na wenye magonjwa kama kifua kikuu na UKIMWI vile vile. Hii si hisani ya mtu, ni mpango wa Serikali. Sasa tuangalie unavyofanya kazi. Mjamzito halipi kujifungua, kweli. Lakini anaambiwa aje na mpira wa kutandika, glovu, pamba, sindano na kibano cha kitovu. Mama asipokuja navyo anaona aibu, na mwingine kwa aibu hiyo anabaki nyumbani kwa mkunga wa jadi mpaka mambo yanaharibika. Mzee naye ana dirisha lake limeandikwa rangi nzuri, mzee kwanza. Anakuwa wa kwanza kuambiwa dawa hakuna.

Na asiyejiweza lazima ajulikane kwamba hajiwezi. Aanzie kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, aende kwa Mtendaji apate barua, afike hospitali amwone ofisa ustawi wa jamii. Ndugu zangu, mtu mwenye homa kali na hana nauli, safari hiyo ataianzia wapi? Mwenye uwezo wa kuzunguka ofisi tatu ndiye anayepata barua ya kutojiweza. Tena wapo wanaoona haya kuomba barua hiyo, maana kijijini ukishaandikwa fukara utaitwa fukara. Wapo waliopendelea kukopa kwetu na kuandika "kuku wa mayai".

Hatukukaa bure, Ndugu Mgeni Rasmi. Mwaka 2021 tulibadilisha katiba. Kwanza, hospitali imeandikwa wazi kwamba ni sababu halali ya mkopo, haina riba, na marejesho yake hayaanzi mpaka mgonjwa awe nyumbani miezi mitatu. Pili, hakuna kuchukua kitendea kazi cha mtu. Cherehani, jembe, jiko la mama lishe, baiskeli, hivyo haviandikwi tena kwenye fomu. Tatu, kabla ya mgao wa Desemba tunakata kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii kwa kaya ya kila mwanachama.

Kadi hizo mfahamu zilivyo. Mpango wa mfuko ulianza kujaribiwa Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita ililipiwa Sh. 30,000/= kwa mwaka. Tulipoanza kukata tulifurahi sana, tukapiga na vigelegele. Halafu tukaenda nyumbani kuhesabu watu. Kadi ni ya watu sita, nyumba ina watu tisa. Hapo ndipo utakapojua nyumba zetu. Baba anaingia, watoto wanaingia, mjukuu aliyeletwa na binti kutoka mjini anaingia maana ana pumu. Anayebaki nje ni bibi, au ni mama mwenyewe aliyepeleka hela. Tulipopitia orodha ya kaya zetu tulikuta wanachama saba ambao kadi imekatwa kwa faida yao na majina yao hayamo. Tulicheka siku ile, lakini si kicheko cha furaha. Mwaka uliofuata tuliamua jina la mwanachama liandikwe la kwanza, na mwanamume anayelalamika aje chini ya mwembe aeleze. Hawajaja.

Kadi imesaidia, hatuwezi kukufuru. Kumwona mganga na kupimwa malaria hakutushtui tena. Ila kadi hainunui dawa ambayo haipo, na mwenye kadi na asiye nayo wote wanarudi na karatasi ile ile ya kanunue. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake wametajwa wasio na uwezo kwamba watalipiwa. Tumeipokea kwa mikono miwili. Tunaomba tu wale watakaolipiwa wasipatikane kwa ile njia ya ofisi tatu, na fedha zao ziwe zimetolewa, siyo zimepitishwa.

Sasa tuna maombi kwa viongozi waliopo. Ni mambo ya hapa hapa, hayahitaji kwenda Dodoma.

Tunaomba orodha ya wanaosamehewa ibandikwe nje ya zahanati, kwa herufi kubwa, mahali mtu anapoiona kabla ya kutoa hela. Na pembeni yake ubao wa dawa zilizopo wiki hiyo na zisizopo. Ubao tutaununua sisi, chaki tutanunua sisi.

Tunaomba barua za wasiojiweza zisiandikwe siku mtu anapougua. Mkutano wa kitongoji ukae mara moja kwa mwaka, uwataje watu wenyewe, Mtendaji agonge mhuri, barua zikae zahanati. Ugonjwa ukija, barua iwe imetangulia. Na wakitajwa, watajwe kwa heshima.

La tatu ni fedha. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za zahanati zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati yenyewe, na ipo kamati ya zahanati ambayo ndani yake kuna wananchi. Kijiji hiki wengi hatukujua. Tulipouliza wajumbe ni akina nani, mmoja wao alikuwa amehamia mjini na mwingine alikuwa hajui kwamba ni mjumbe. Tunaomba mapato na matumizi ya zahanati yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, kama sisi tunavyosoma ya kwetu kila Alhamisi. Akina mama hawa wamekuwa wakihesabu sarafu kwa miaka kumi bila kupotea hata mia tano. Uchaguzi wa kamati ukija tutaleta majina mawili, na tunatangaza mapema ili isiwe siri.

Tunajua zahanati ikipokea fedha pungufu, kusomwa kwake hakuziongezi. Lakini tukishajua ni kiasi gani kilipangwa na ni kiasi gani kimekuja, mheshimiwa diwani wetu atakapokwenda Halmashauri atakuwa na karatasi mkononi, na mbunge akija kuomba kura tutakuwa na swali la kumwuliza badala ya kumwimbia ngoma tu. Ngoma tutamwimbia, lakini baada ya jibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumebakiza jambo moja. Wiki tatu zilizopita mkutano wa kikundi ulikaa kuamua fedha za sherehe hii zitumike vipi. Yalikuwepo mawazo ya kuvaa sare moja ya kitenge, kuchinja ng'ombe na kukodi muziki mkubwa. Mnavyotuona tumevaa kila mtu cha kwake, na mtakula wali na maharage na samaki kidogo, tunaomba radhi. Kuna wanachama ambao mpaka leo hawajafurahi, na wana haki yao, kwa sababu miaka kumi haiji mara mbili. Tulipiga kura, ikapita kwa kura nne tu.

Fedha ile tumenunua cherehani. Ipo pale kwenye kona, imefunikwa kanga. Mwenzetu tumekwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili alitukaribisha maji, akasema atafikiri. Mara ya tatu alisema cherehani anaihitaji, lakini kurudi kikundini hajui kama ataweza kukaa mkeka mmoja na sisi. Hatukumbishia. Tumemwambia cherehani haina sharti. Tulimwalika leo, na kiti chake ni kile cha pili kutoka mwisho, mstari wa Mwembeni. Mpaka tunasimama kusema haya kilikuwa kitupu, na hatujageuka kuangalia.

Kama hatakuja, kesho asubuhi tutamtafuta kijana wa mkokoteni tuipeleke wenyewe, wale wale wanne tulioibeba ya kwanza. Kikopo cha mafuta tumeshakinunua.

Sasa tunamwomba Mweka Hazina apite mbele asome mahesabu ya miaka kumi, safari hii na ukurasa wa hospitali ukiwa umeandikwa hospitali. Akimaliza, wanaoshika funguo wataleta sanduku, na Mgeni Rasmi atatusaidia kushuhudia likifunguliwa.